Siku nne Istanbul: panga safari yako kwa kufuata feri

Wengi wetu tunaijua Istanbul kwa njia mbili tu. Kuna anayeiona kupitia dirisha la ndege akibadilisha safari, na kuna anayekwenda mtaa wa Laleli kuchukua nguo za jumla, akafunga mzigo, akarudi nyumbani bila kuona zaidi ya hoteli na maduka. Mwongozo huu ni wa mtu aliyepata siku nne na anataka kuuona mji wenyewe.

Shauri langu kubwa nalitoa mapema: panga kila siku ipite majini. Mji huu una watu zaidi ya milioni 15 na umekaa kwenye mabara mawili. Kati ya Ulaya na Asia unapita mlango bahari wa Bosporus, wenye urefu wa kilomita 30 hivi, na upande wa Ulaya kuna mkono wa bahari unaoitwa Pembe ya Dhahabu. Barabarani magari yanabanana tangu asubuhi. Majini hakuna foleni, na nauli ya feri ya kawaida ni ile anayolipa mwalimu au muuza duka anayekwenda kazini. Ukizijua feri, mji unakufungukia.

Hatua ya 1: Chagua msimu, halafu kitanda

Aprili na Mei, au Septemba na Oktoba, ndiyo miezi mizuri. Desemba hadi Februari kuna baridi na mvua, mara nyingine theluji, na sisi tuliozoea joto tunaisikia hadi kwenye mifupa. Ukienda miezi hiyo beba koti la kweli, la kuzuia upepo wa baharini.

Kuhusu kitanda, tafuta chumba ambacho unaweza kutembea kwa miguu hadi gatini ndani ya dakika kumi. Wageni wengi hukimbilia Taksim kwa sababu ya jina, lakini Taksim iko kilimani, na kila safari ya kwenda majini inaanza kwa kushuka na kuisha kwa kupanda. Mimi napendelea Kadıköy, upande wa Asia: kuna soko la samaki, mikahawa ya wenyeji, na jioni unarudi nyumbani kwa feri kama wao. Ila ukiwa na wazee au watoto, lala Sirkeci, karibu na gati la Eminönü. Tramu ya T1 inapita hapo, na sehemu kubwa ya mji mkongwe inafikika kwa miguu.

Usisahau adapta. Soketi zao ni za pini mbili za mviringo, si tatu za bapa kama zetu.

Hatua ya 2: Toka uwanjani bila teksi

Kwanza soma tiketi yako vizuri, kwa maana mji una viwanja viwili vikubwa. IST uko upande wa Ulaya, mbali kaskazini. SAW, yaani Sabiha Gökçen, uko upande wa Asia. Kutoka IST kuna mabasi ya abiria na treni ya metro ya M11 hadi Gayrettepe, ambako unaunganisha treni nyingine. Kutoka SAW metro ya M4 inakupeleka moja kwa moja Kadıköy.

Mara yangu ya kwanza nilipanda teksi jioni, saa ambayo watu wote wanatoka kazini. Tulikaa barabarani zaidi ya saa mbili, mita ikihesabu, na nilipofika hotelini nilikuwa nimekwisha kutumia sehemu kubwa ya pesa ya siku iliyofuata. Teksi ina kazi yake usiku wa manane. Jioni ya kawaida, panda treni.

Kabla ya kupanda chochote, nunua kadi iitwayo Istanbulkart kwenye mashine za stesheni. Ijaze pesa, na hiyo hiyo itakupandisha metro, tramu, basi, feri na Marmaray, treni inayopita chini ya bahari kati ya Ulaya na Asia. Ukiunganisha vyombo viwili ndani ya muda mfupi, cha pili kinakata pesa kidogo kuliko cha kwanza. Kwenye Marmaray kuna jambo wageni wengi hawaambiwi: ukiingia, mashine inakata nauli ya safari ndefu kabisa. Ukitoka, tafuta mashine yenye neno *iade*, gusisha kadi yako, nayo itakurudishia pesa ya masafa ambayo hukusafiri.

Fedha ni lira. Beba dola au euro, badilisha kiasi kidogo tu uwanjani, na nyingine ubadilishe mjini kwenye maduka yenye kibao cha *döviz*.

Hatua ya 3: Panda feri kabla ya kuona kitu kingine

Siku ya kufika, hata kama umechoka, fanya hili. Nenda gati la Eminönü alasiri, panda feri ya Kadıköy, kaa nje upande wa kulia. Safari ni dakika ishirini hivi. Chombo kinapogeuka kutoka Pembe ya Dhahabu, mji mkongwe wote unajipanga mbele yako: kwanza miti na minara mifupi ya kasri la Topkapı, kisha kuba la Hagia Sophia, kisha minara sita ya msikiti wa Sultan Ahmed. Upande wa kushoto, peke yake juu ya kisiwa kidogo kama mwamba, umesimama Kız Kulesi, Mnara wa Binti.

Mchuuzi atapita na sinia la chai. Chukua. Inakuja kwenye glasi ndogo yenye kiuno chembamba, nyekundu kama maji ya rozela, na vipande viwili vya sukari pembeni. Haina maziwa wala tangawizi. Shika glasi kwenye mdomo wake, kwa vidole viwili, maana katikati inaunguza. Injini ikinguruma, vijiko vinatetemeka ndani ya glasi za abiria wote kwa pamoja, na sauti hiyo nyembamba ndiyo ninayoikumbuka kwanza nikiisikia Istanbul ikitajwa. Nje, shakwe wanafuata feri wakidaka vipande vya mkate vinavyorushwa na watoto.

Kadıköy tembea sokoni, kula kidogo, kisha rudi kwa feri ya machweo. Safari hii kaa kushoto. Jua linazama nyuma ya misikiti, na makuba yanabaki meusi juu ya anga la rangi ya chungwa.

Maneno ambayo tayari unayo

Hapa Mswahili ana bahati kuliko mgeni kutoka Ulaya. Kiarabu kimepita kwetu na kimepita kwao, kikaacha maneno yale yale. Kitabu ni *kitap*, kalamu ni *kalem*, sabuni ni *sabun*, dunia ni *dünya*, duka ni *dükkân*, na dakika ni *dakika* vile vile bila kubadilika. "Habari gani?" kwao ni *ne haber?*, neno kwa neno. Ukimaliza kula, sema *hesap, lütfen*, yaani hesabu, tafadhali, na mhudumu ataleta bili. Ukisikia *merhaba*, usidhani mzee anaitikia shikamoo. Ni salamu ya kila mtu kwa kila mtu, nawe jibu *merhaba*.

Na kama sisi, hawaiti watu kwa majina matupu. Muuzaji wa kiume aliyekuzidi kidogo ni *abi*, kaka. Mwanamke ni *abla*, dada. Mzee ni *amca*, na mama mtu mzima ni *teyze*. Nilimwambia muuza samaki mmoja *abi, ne kadar?*, kaka, bei gani? Uso wake ulibadilika, akaacha Kiingereza cha biashara, akaanza kunichagulia samaki mwenyewe.

Hatua ya 4: Mji mkongwe, na mapema

Siku ya pili ni ya Sultanahmet, mtaa wa mji mkongwe. Fika saa mbili asubuhi, kabla makundi ya watalii hayajashushwa na mabasi.

Anza na Hagia Sophia. Ilijengwa kati ya mwaka 532 na 537 kwa amri ya Kaisari Justiniani wa dola la Bizanti, yaani dola la Warumi wa mashariki, ikawa kanisa kwa zaidi ya miaka 900, ikafanywa msikiti baada ya Waturuki kuuteka mji mwaka 1453, ikawa jumba la makumbusho katika miaka ya 1930, na tangu 2020 ni msikiti tena. Mtalii analipa na kupanda ghorofa ya juu. Anayekwenda kuswali anaingia chini bila malipo. Kama wewe ni Mwislamu, ingia uswali rakaa zako, kisha kama pesa inaruhusu nunua tiketi ya juu pia, kwa sababu picha za kale za vigae vya dhahabu ziko huko. Huko juu pia, kwenye ukingo wa marumaru, kuna mchoro uliofifia wa jina Halfdan. Askari wa kutoka kaskazini ya Ulaya alilichonga karne nyingi zilizopita, alipokuwa akilitumikia dola la Bizanti. Huenda alichoshwa na ibada ndefu, akatoa kisu.

Vuka uwanja uingie msikiti wa Sultan Ahmed, uliokamilika katika miaka ya 1610. Kuingia ni bure. Una vigae zaidi ya 20,000 vya mji wa Iznik, na rangi yake ndiyo iliyoupa jina la Msikiti wa Bluu kwa wageni. Watalii husimamishwa saa za swala, na Ijumaa asubuhi haifai kabisa. Mwanamke awe na mtandio na nguo ndefu, mwanamume asivae kaptura, na soksi zenu ziwe safi maana viatu vinavuliwa.

Kisha shuka chini ya ardhi, kwenye birika la Yerebatan, lililojengwa pia zama za Justiniani kuhifadhi maji ya mji. Nguzo 336 zimesimama ndani ya giza na maji, kila moja na urefu wa mita tisa hivi. Usitoke bila kufika kona ya mwisho. Nguzo mbili zimekalia vichwa vya mawe vya Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki mwenye nyoka badala ya nywele, kimoja kimelala ubavu na kingine kimepinduliwa juu chini. Mafundi walihitaji mawe ya kuinulia nguzo, wakatumia yaliyopatikana.

Topkapı, kasri la masultani, linataka nusu siku nzima, na Jumanne limefungwa. Kama mguu umechoka, pita haraka kwenye vito na silaha, lakini chumba cha amana takatifu usikiruke. Humo mna joho linalohifadhiwa kuwa la Mtume, na msomaji amekaa pembeni akisoma Kurani. Wasomaji hupokezana ili sauti isikatike. Watu waliokuwa wakipiga kelele uani huingia humo wakanyamaza wenyewe.

Ukiniuliza msikiti ninaoupenda zaidi, si mmojawapo wa hiyo. Ni Süleymaniye, kazi ya Mimar Sinan, msanifu wa masultani, uliojengwa mwaka 1550 hadi 1557 juu ya kilima kinachotazama Pembe ya Dhahabu. Watu ni wachache, bustani ya nyuma ina ukuta wa kukaa, na chini yako unaona feri zikipishana.

Hatua ya 5: Kula kwa saa, si kwa njaa

Istanbul kila saa ina chakula chake. Asubuhi, barabarani, ni *simit*: mkate wa duara uliojaa ufuta, mgumu nje na laini ndani. Ukiwa na nafasi, siku moja kaa kwenye *kahvaltı* kamili: zeituni, jibini za aina tatu au nne, nyanya na matango, mayai ya *menemen* yaliyopikwa na nyanya na pilipili, na *kaymak*, yaani malai mazito, yaliyomwagiwa asali. Neno lenyewe maana yake ni kitu cha kuliwa kabla ya kahawa. Usipange kitu kingine kabla ya saa tano asubuhi siku hiyo.

Mchana tafuta *esnaf lokantası*, mgahawa wa mafundi na wachuuzi. Hakuna haja ya kusoma menyu: vyakula vimepangwa kwenye masinia ya moto nyuma ya kioo, unaonyesha kwa kidole. Kikubwa ninachotaka ule ni hiki: mbele ya Süleymaniye kuna safu ya migahawa inayopika *kuru fasulye* na wali. Ni maharage, ndugu yangu. Wali na maharage. Umesafiri maelfu ya kilomita na unaletewa wali na maharage. Ila ya kwao ni meupe, makubwa, yamechemka taratibu ndani ya mchuzi wa nyanya na siagi mpaka ganda halisikiki mdomoni, na pembeni unapewa achari. Nilikula sahani ya kwanza kwa kulinganisha na ya nyumbani. Ya pili niliila kwa sababu nilitaka.

Alasiri, daraja la Galata. Juu wamejipanga wavuvi na mishipi yao, chini na kandokando wanauza *balık ekmek*, samaki wa kuchoma ndani ya mkate pamoja na kitunguu na majani ya saladi. Kamulia limau nyingi, na angalia miba. Majira ya baridi ulizia *hamsi*, samaki wadogo wa Bahari Nyeusi wanaokaangwa wakavu. Aliyekua na dagaa hahitaji maelezo zaidi.

Usiku rudi Kadıköy ule ukitembea. *Midye dolma* ni kome waliojazwa wali wenye viungo. Muuzaji anakufungulia mmoja, unakamulia limau, unakula, anakufungulia mwingine, mpaka wewe mwenyewe uinue mkono. *Kokoreç* ni utumbo wa kondoo uliochomwa kwenye mti wa chuma, ukakatwakatwa vipande vidogo na kuwekwa ndani ya mkate. Wapenda mutura watajisikia nyumbani.

Vitamu ni vingi na sitavimaliza. *Künefe*, tambi nyembamba zenye jibini na shira, iliwe ya moto, jibini ikiwa bado inavutika. Na ukiwa huko wakati wa baridi, nenda mtaa wa Vefa, kwenye duka la *boza* lililoanza mwaka 1876. Boza ni kinywaji kizito cha nafaka iliyochachushwa, chenye utamu na ukakasi, kikinyunyiziwa mdalasini na dengu za kukaanga. Ni jamaa wa karibu wa togwa. Kina kileo kidogo sana kwa sababu ya kuchachuka, kwa hiyo anayejizuia kabisa ajue kabla ya kuagiza.

Hatua ya 6: Siku nzima majini

Siku ya tatu una njia mbili, uchague kwa kuangalia anga.

Kukiwa na jua kali, nenda Büyükada, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Visiwa vya Wana wa Mfalme. Magari ya watu binafsi hayaruhusiwi. Farasi wa mikokoteni waliondolewa mwaka 2020, na sasa kuna magari madogo ya umeme. Kodi baiskeli uzunguke kati ya misonobari na nyumba za mbao. Epuka Jumapili ya kiangazi, maana mji mzima unahamia huko.

Kukiwa na mawingu, panda feri ndefu ya Bosporus kutoka Eminönü hadi Anadolu Kavağı, kijiji cha wavuvi karibu na mdomo wa Bahari Nyeusi. Ni saa moja na nusu hivi kwenda. Inaondoka asubuhi, kwa hiyo ulizia ratiba siku moja kabla. Hakikisha unapanda chombo cha shirika la mji, Şehir Hatları. Wapo mawakala gatini watakaokuvuta kwenye boti zao za gharama zaidi. Ukishuka, panda kilima hadi magofu ya ngome ya Yoros, utazame meli kubwa za mizigo zikiingia moja moja kutoka kaskazini.

Hatua ya 7: Masoko, Eyüp, na machweo ya mwisho

Siku ya nne anza na masoko. Soko kuu, Kapalıçarşı, lilianza karne ya 15 na lina maduka yapatayo 4,000 chini ya paa moja. Nilikwenda Jumapili nikakuta milango imefungwa, kama inavyofungwa kila Jumapili, na ndege yangu ilikuwa Jumatatu alfajiri. Kama siku yako ya nne ni Jumapili, liweke mapema zaidi katika ratiba. Kwa manunuzi hasa, soko la viungo la Mısır Çarşısı pale Eminönü ni dogo na linamalizika kwa saa moja. Onja *lokum*, peremende laini ya Kituruki, kabla ya kununua: laini, yenye pistachio nyingi ndani, ndiyo ya kubeba. Vichochoro vya nje ya soko, wanakonunua wenyeji, vina bei nzuri kuliko ndani.

Kisha mtaa wa Eyüp, kwa tramu ya T5 au kwa feri ya Pembe ya Dhahabu, ambayo hupita kwa nadra lakini inapendeza zaidi. Ndipo alipozikwa Abu Ayyub al-Ansari, sahaba aliyempokea Mtume nyumbani kwake Madina. Utakuta familia zimeleta watoto wa kiume waliovishwa kama wafalme wadogo, kofia na joho, kwa ajili ya sherehe ya tohara. Wageni huruhusiwa kuzuru. Ingia kwa utulivu, usipige picha mtu anayeomba dua.

Mahali pa kujihadhari ni pachache. Mpiga viatu rangi akitembea mbele yako na kuangusha brashi, usiiokote. Ukiiokota atakushukuru kwa kukusafisha viatu, kisha atadai pesa nyingi. Na kijana mchangamfu usiyemjua akikualika baa usiku, mkatalie kwa upole, kwa sababu bili itakuja kwako.

Machweo ya mwisho yaangalie ukiwa Salacak, mwendo mfupi kwa miguu kutoka gati la Üsküdar, upande wa Asia. Watu wanakaa kwenye ngazi za saruji, Kız Kulesi ukiwa mbele yao na mji mkongwe ng'ambo. Agiza chai mapema, nafasi za mbele zinajaa saa moja kabla ya jua kuzama. Taa za mnara zikiwaka, rudi Üsküdar. Feri bado zinatembea, na zikikupita, Marmaray inavuka chini ya bahari hadi Sirkeci kwa dakika nne.